Bawaba ya Mkia

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa na ua kufagiliwa, Nukta alimfuata bibi yake kwenye chumba cha nyuma. Humo, juu ya meza iliyojaa nyaya na makopo ya skrubu, ilikaa jeti yao: ndege ndogo ya rimoti, nyekundu, yenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Bibi alikuwa fundi redio kwa miaka thelathini. Alipostaafu, watu walidhani atapumzika. Akaunda ndege.

"Haya, mke mwenzangu, kagua," Bibi alisema huku akifuta miwani.

Kukagua ilikuwa kazi ya Nukta, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyembamba na macho yake makali. Alishika kila kipande kinachosogea kwenye mabawa na mkia, akakitikisa taratibu, kisha akatia alama ya vema daftarini. Siku hiyo kibawa cha mkia, kile kinachoinua na kushusha pua ya ndege, kilikuwa kinacheza. Bawaba yake moja ilikuwa imelegea.

Nukta akasita. Wenzake watano wa darasani walikuwa wamekwisha fika mlangoni. Wiki nzima alikuwa amewatambia kwamba bibi yake ni rubani. Akisema, ndege haitaruka, nao watamcheka. Akatia vema.

"Tayari?" Bibi aliuliza.

"Tayari, Bibi."

Uwanjani jeti ilipaa vizuri, ikazunguka mara mbili, watoto wakashangilia. Bibi alipoishusha ipite karibu nao, pua iliinama na haikuinuka tena. Alivuta kijiti cha rimoti hadi mwisho, wapi! Jeti ilijibamiza chini, hatua sita tu kutoka waliposimama watoto, vipande vikatawanyika. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyecheka pia.

Nyumbani, Bibi alikitazama kidole gumba chake. "Kimechelewa kuvuta," alisema. "Uzee haupigi hodi. Rimoti nitampa mjomba wako. Mimi basi tena."

Kesho yake Nukta alimkuta Bibi akifungasha bisibisi zake moja moja, kama mtu anayehama. Machozi yakamtoka.

"Bibi, kidole chako hakikuchelewa. Bawaba ilikuwa imelegea. Niliiona, nikatia vema."

Bibi aliuchukua mkia uliovunjika, akausogeza dirishani penye mwanga. Kweli, kipini cha bawaba kilikuwa kimechomoka.

"Kwa hiyo mimi mzima?"

"Mzima, Bibi. Mwenye kosa ni mimi."

Bibi alicheka hadi miwani ikateleza puani. "Tangu jana nimejililia msiba, kumbe marehemu ni bawaba!"

Kisha kicheko kikaisha. "Keti hapa. Ndege ingewaangukia wale watoto, tungewaambia nini mama zao?"

Nukta akainamisha kichwa.

Jumatatu aliwaeleza wenzake ukweli kwa kinywa chake. Mmoja alimcheka, wanne walikuja kusaidia kupiga msasa. Kwa wiki tatu, kila baada ya shule, waligundisha, wakapaka rangi, wakabadilisha bawaba zote. Jumamosi ya nne, watoto wakiwa wamesimama mbali nyuma ya Bibi, jeti ilipaa, ikazunguka, ikatua bila hata kuruka kichura.

Bibi alimvuta Nukta ubavuni. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa likisemwa mezani, ni kazi ya bisibisi tu. Likinyamaziwa, linapanda na ndege angani, na huko hakuna fundi. Kwa hiyo usiogope kuniambia, 'Bibi, leo haturuki.' Nitanuna kidogo, nitakunywa chai, yataisha."