Sahani ya Shaba ya Bi Kouraichia

Bi Kouraichia aliinuka sijdani akikunja pua. Mswala uliofuliwa jana ulinuka mkojo.

"Faouzia, paka kaingia?"

"Hakuna paka, mama," alijibu binti yake, akijua fika ni amonia ya mashine yake.

Nyumba yao ya Antanimasaja, Mahajanga, ilipakana na jenereta la dizeli lililolisha mtaa mzima. Moshi wake ulikuwa umempa mama pumu. Faouzia, mwalimu wa kemia, aliapa kumwokoa: akauvuta moshi kwa bomba hadi kwenye chupa ya maji uani, na humo umeme, ukipita kwenye shaba, uliigeuza sumu kuwa amonia, mbolea ya bustani. Ila shaba aliyoagiza haikufika. Chini ya kitanda cha mama palikuwa na sahani ya shaba ambayo bibi alihama nayo kutoka Nosy Be. Kila Alhamisi hutiwa marashi kwa ajili ya rauhani, jini wa ukoo wao. Msomi wetu akaikatakata kwa mkasi wa bati. Kwake ilikuwa sahani tu!

Mashine ilifanya kazi ajabu. Aliyeharibika ni mama. Mchana kweupe nyayo zenye maji zilisikika zikizunguka kitanda chake, na harufu ile ikawa inatoka kinywani mwake, kali hata macho ya Faouzia yakachuruzika machozi, na kifua cha mama kikawa kinabubujika, polepole, sawasawa na chupa ya uani.

Fundi Saindou, mganga, alipoitwa aliishia mlangoni.

"Sahani ya rauhani iko wapi?" alinong'ona.

"Nimeikata, fundi."

"Basi umembomolea nyumba, naye kahamia mwilini mwa mama yako. Mimi simwezi."

Faouzia alikimbia uani akang'oa bomba la moshi. Mapovu yakakoma. Ndani, mama naye akaacha kupumua. Alilirudisha bomba; mama akavuta pumzi ndefu, akasema kwa sauti nzito ya kiume, "Usinizime tena."

Hakuzima tena. Miaka miwili alilinda moshi alioapa kuukomesha, na roho ikimuuma kila siku.

Kisha mtaa ukaletewa umeme wa jua. Majirani walipiga vigelegele Assoumani, fundi umeme, alipokwenda kuzima jenereta. Faouzia alimpigia magoti.

"Nihurumie, kaka. Liache."

Assoumani akacheka. "Mwalimu, si wewe uliyetusumbua kila siku tulizime?"

Akalizima. Uani, povu la mwisho lilipanda taratibu, likapasuka.