Sarafu Irudi Kwanza

Baridi ya Juni ilikuwa kali Mjimwema, huku kwetu nyanda za juu kusini. Lidwina na mumewe Rupert walikaa uani wakipukuchua mahindi. Rupert alivaa koti zito la mtumba, na bado alilalamika.

"Mama Jane, chai itaiva lini?"

"Itaiva ukimaliza gunia hilo," Lidwina alimjibu.

Simu ya Lidwina ikalia. Akafuta vumbi mikononi, akasoma ujumbe. Uso wake ulibadilika.

Wiki iliyotangulia alikuwa ameuza sarafu mtandaoni. Ilikuwa sarafu ya enzi za Mjerumani, yenye tundu katikati. Marehemu baba mkwe wake aliacha sarafu kadhaa za aina hiyo. Wapo watu wanaokusanya vitu vya zamani, na wanavilipia vizuri. Mnunuzi alijitambulisha kwa jina la Remmy, wa Dar es Salaam. Alilipa kwa simu. Lidwina akaifunga sarafu kwenye boksi dogo, akaituma kwa basi, akapewa risiti. Sasa Remmy alikuwa ameandika hivi:

"Mama, sarafu yako ni bandia. Nirudishie hela yangu leo."

Nani asingeshtuka? Lidwina ni mweka hazina wa jumuiya yao ndogo ya Kikristo. Michango ya watu wote hukaa mikononi mwake. Hakutaka kabisa kuitwa tapeli. Akaandika haraka: "Samahani sana kaka yangu. Naomba unisamehe kwa usumbufu."

Hapo alikosea. Si yeye peke yake, ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Mtu akitukanyaga, sisi ndio tunaoomba samahani. Ni adabu nzuri, lakini matapeli wameigeuza mtego, na jambo hilo linaniudhi sana.

Jibu lilikuja upesi.

"Umekiri mwenyewe kwamba umeniuzia feki. Ushahidi ninao. Tuma hela kwenye namba hii ya mdogo wangu kabla ya jioni. Usipotuma, nitasambaza picha yako ya sare ya WAWATA na kuandika MWIZI. Kanisani kwenu wataiona."

Picha hiyo, akiwa na sare ya akina mama wa kanisani, ilikuwa kwenye ukurasa wake wa kuuzia.

"Tumlipe yaishe," Rupert alisema. "Hela tutaitafuta tena. Jina likichafuka tutalisafishaje?"

"Nitasimamaje mbele ya jumuiya, Baba Jane?"

Wakati huo jirani yao Mwanaisha alipiga hodi. Mwanaisha ni mtu wa Tunduru, na ameuza vitenge mtandaoni kwa miaka mingi. Alikuja kuazima ungo, akawakuta wameinamia simu.

"Mama Jane, kuna msiba?"

Lidwina akampa simu. Mwanaisha akasoma, akasonya.

"Hulipi," alisema.

"Lakini analalamika, Mama Nasrin."

"Kulalamika ni haki yake. Ushahidi uko wapi? Mwombe picha ya hiyo sarafu."

Lidwina akaomba, picha ikaja. Wakailinganisha na ile aliyoipiga yeye kabla ya kutuma. Sarafu ya Lidwina ilikuwa na pengo dogo ukingoni. Sarafu ya Remmy haikuwa na pengo lolote.

"Hii siyo yetu," Rupert alisema, na sasa alikuwa amekasirika. "Anataka abaki na sarafu na hela pia?"

"Ndiyo mchezo wao," Mwanaisha alisema. "Haya, alilipa kwa namba gani?"

"Hii hapa."

"Na anataka urudishe kwenye namba nyingine, ya mtu mwingine. Hela hurudi kwenye namba ileile iliyolipa. Ukimtumia mdogo wake, kesho atasema hajapokea kitu. Mwambie arudishe sarafu kwa basi na akutumie risiti. Ikifika, ikague. Ikiwa ni yako na ina kasoro, wallahi mrudishie hela yake yote. Na usifute ujumbe hata mmoja, polisi watauhitaji."

"Na picha yangu?"

Mwanaisha alifikiri kidogo. "Hiyo sina dawa yake. Anaweza kuituma kweli."

Woga ulimpungua Lidwina, hasira ikaingia.

"Jumuiya inakutana leo saa kumi," alisema. "Kama ni kutangazwa, nitajitangaza mwenyewe."

Saa kumi walikutana nyumbani kwa mwenyekiti, mzee Valence. Baada ya sala ulifika wakati wa matangazo. Lidwina akasimama na simu mkononi. Aliogopa, lakini alisoma ujumbe wote, hata ule wake wa kuomba samahani. Akawaonyesha picha zote mbili.

"Mtu huyu ananiita mwizi," alisema. "Mimi siyo mwizi, na silipi."

Kisha mama mmoja, Careen, akainua mkono.

"Mimi nilimlipa mtu wa namna hiyo," alisema. "Niliuza redio ya zamani ya marehemu baba. Mnunuzi akasema imefika imevunjika. Nikalipa. Redio yenyewe sijaiona mpaka leo."

"Mbona hukutuambia?" mzee Valence aliuliza.

"Aibu, mzee."

Simu ya Lidwina ikalia palepale. Remmy aliandika: "Muda umekwisha. Natuma picha."

Lidwina akawasomea wote. Kisha akajibu: "Tuma. Jumuiya nzima nimeshawasomea maneno yako. Rudisha sarafu kwa basi, nitaikagua, na hela itarudi kwenye namba uliyolipia. Namba ya mdogo wako naipeleka polisi."

Remmy hakujibu tena. Sarafu haikurudi, na picha haikuonekana popote. Jumatatu Lidwina na Careen walikwenda polisi pamoja, kila mmoja na simu yake.

Lidwina bado anauza sarafu. Rupert huchukua video, kuanzia sarafu pande zote mbili kabla ya kufunga boksi, mpaka kifurushi kinapopokelewa stendi. Mwezi uliopita mnunuzi wa Tanga, Saleh, alilalamika kwamba mwaka ulioandikwa kwenye tangazo haukuwa ule wa kwenye sarafu. Alirudisha sarafu, Lidwina akaikagua, akaona kosa ni lake. Hela ilirudi siku hiyohiyo. Tangu hapo Saleh amenunua nyingine.

Juu ya ukurasa wake sasa Lidwina ameandika hivi: "Sarafu irudi kwanza, niikague, ndipo hela irudi kwenye namba iliyolipa. Anayetaka kunitangaza aanze na jumuiya yangu. Wanamsubiri."