Apolline na Simu ya Mustari

Birere, katikati ya Goma, siku ya soko, ukitaka kupita unaomba ruhusa kwa mugongo ya mutu. Chukudu, ile kigari ya mbao ya magurudumu mbili, yenye imejaa makala ya moto, inakusukuma, mama wa samaki anakutukana, na vumbi inaingia mpaka kwa meno. Ni katikati ya ile fujo Apolline alikuwa amesimama chini ya parasoli ya muuza-karte za simu, kitenge yake rangi ya ndizi imezunguka kiuno mara mbili, juu ya vile kiuno chenyewe kilikuwa kimepungua. Kwa ncha ya ile kitenge alikuwa amefunga feza ya watu wengi.

Feza ya mustari. Kule kambi ya wakimbizi wa vita ya Kanyaruchinya, vijumba vya shitingi, ile plastiki ya musaada, vinapangwa mistari-mistari, na watu wa mustari yao walikuwa wamechanga, wakanunua simu moja ya wote. Leo walimutuma yeye, juu alisomaka kidogo: tafuta rezo, ule mutandao wa simu, yenye bei iko chini, na wasikuibe. Alikuwa ameshuka na miguu toka asubui. Kila parasoli aliuliza, kila parasoli ikamuchosha.

"Hii ya Nyota," muuzaji akasema, "dakika mingi, feza kidogo."

"Dakika za saa gani?"

"Za usiku."

"Usiku tunalala, papa. Nani kule kwetu ana nguvu ya kuongea usiku? Na hii ya Tujuane?"

"Tujuane ni muchana na usiku, lakini kwa Tujuane peke yake. Ukiita rezo ingine, forfe, zile dakika ulilipia, inaliwa yote."

Apolline akafunga macho kidogo. Alikuwa anatamani kukaa chini tu.

"Dada, beba Tujuane," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana murefu, shati nyeupe yenye pasi kali, lakini harufu yake ilikuwa ya kitunguu. Jina yake Prodige, muchuruzi wa Butembo, mwenye alikuwa anashusha mizigo Goma kila wiki.

"Wewe pia unauzisha karte?"

"Mi nauzisha kitunguu."

"Na kitunguu inajua nini juu ya rezo?"

"Inajua kuliza watu, sawa ile Nyota. Mi niko na Tujuane toka zamani. Na wewe ukiwa na Tujuane, tunaongea mpaka mate inakauka."

"Nani alikuambia niko na mate ya kupoteza na wewe?"

Muuzaji akacheka mpaka parasoli ikatingika.

"Sema kweli," Apolline akamuangalia toka viatu mpaka kichwa. "Unanichagulia rezo ao unajichagulia numero?"

"Yote mbili. Sikudanganye."

Apolline naye akacheka. Kicheko yenyewe ilikuwa imechoka, ilitoka kidogo ikarudi ndani. Prodige aliiona tu, ikamutosha. Apolline akanunua Tujuane, na numero wakapeana.

Aye, ile mangaribi mustari ilitaka kumula! Tujuane haikukamata kambini. Ilikamata mahali pamoja tu, juu ya kilima kidogo cha majiwe ya volkano, pembeni ya vyoo.

"Tulikutuma rezo, wewe umetuletea bwana!" Mama Annonciata akapaza sauti, kisha kusikia habari ya yule kijana wa kitunguu. Ni yeye alikuwa anachunga simu, alikuwa anailaza chini ya kichwa chake.

"Mama, bei iko chini."

"Bei iko chini na harufu iko juu!"

Na tena simu ilikuwa ya okazyo, watu wengine walishaitumika. Sikio yake ilikufa, ilikuwa inasema kwa haut-parleur tu, inje, kila mutu asikie. Kwenye majiwe kulikuwa foleni muchana wote: huyu anangoja kumuita kaka yake, huyu anangoja deni, huyu haiko na wa kumuita, amekuja kusikiliza. Na wakati Prodige aliita, hakuna mwenye aliondoka.

"Sheri wangu, umekula?"

"Hajakula!" mutu akajibu nyuma. "Tuma kitunguu!"

"Ni nani huyo?"

"Ni mustari," Apolline akasema.

"Mustari mzima?"

"Mzima. Wanakusalimia."

"Basi... bonjour, mustari."

"Bonjouuur!"

Walizoea. Ata walimupenda. Kila akishuka Goma, alikuwa anafika kambini na mufuko wa kitunguu, anasalimia muzee Evariste, baba ya Apolline, Apolline anajipaka mafuta kidogo, wanakaa juu ya jiwe, wanapigana maneno mpaka jua inaingia. Mambo yao ilikuwa kidogo, lakini kwa ile maisha ya kungoja chakula, kungoja maji, kungoja vita iishe, ilikuwa kitu ya kungoja chenye kilikuwa kinafika.

Kisha vita ikakata barabara ya Rutshuru, ile yenye inatoka Butembo. Kamyo za mizigo zikasimama, kitunguu ya Prodige ikaoza njiani, na yeye mwenyewe akabaki Butembo mikono mitupu. Ikabaki simu tu.

Siku moja akaita. Sikia vizuri: ile siku alikuwa anataka kumuomba Apolline ndoa. Alikuwa amemaliza kuongea na baba yake, amekunywa maji, amejifungia ndani ya depo ya kitunguu. Lakini simu ilipokamata, kitu cha kwanza alisikia ni kikohozi. Kisha kikohozi ingine. Kisha mwanamuke anasema, "Sst, ni yeye."

Maneno yote ikamurudia tumboni.

"Allo, Apolline. Muko wazima?"

"'Muko'? Mimi na nani?"

"Wote. Wazee wote, wamama wote, nawasalimia."

"Prodige, unaongea na mi ao unahubiri?"

Prodige akasogeza simu karibu na mudomo.

"Kuko jambo moja, lakini... tutaongea tukionana."

"Utaniona wapi na barabara imefungwa? Sema sasa."

"Hapana, si kwa hii simu. Tukionana."

Forfe ikaisha pale pale. Mustari yote ikaangalia chini. Mama Annonciata akachukua simu pole pole kwa mukono wa Apolline.

"Mutoto, bwana yangu wa kwanza alisemaka vile. 'Tutaongea tukionana.' Mpaka leo."

Apolline hakulia. Kulia pia kunaomba nguvu. Na wakati mustari ilisema Nyota imeleta forfe ya muchana, bei chini zaidi, na inakamata mpaka ndani ya kijumba, hakubisha. Alifungua simu na kucha, akatoa karte ya Tujuane, akaitupa ndani ya ufa wa majiwe. Numero zote zilikuwa ndani ya ile karte. Ya Prodige pia. Nani anashikaka numero kwa kichwa?

Asubui Mama Annonciata alimukuta amelala na tumbo juu ya majiwe, mukono ndani ya ufa.

"Unatafuta nini?"

"Kijiko."

"Kijiko iko kwa mukono yako."

"Basi nimeipata," Apolline akasema, akaamuka, akajipangusa, akaenda kushika foleni ya maji.

Huku Butembo, Prodige alikuwa anaita na anaita. Ile mashini ya simu yenye sauti ya mwanamuke inamuambia na huruma kwamba numero haipatikane. Kwanza alifikiri: amenitupa. Akakasirika, akanyamaza wiki nzima. Kisha redio ikasema vita imefika Goma, mabombu inaanguka ata karibu na kambi, rezo zote zimekatika. Akafikiri ingine: amekufa. Ile ya kwanza ilimukalisha, ile ya pili ikamuamusha. Akachukua begi moja, akapita njia ya Uganda, akazunguka mulima na mulima, akaingia Bunagana, akapanga foleni ya duane, pale mupakani, na watu wenye macho mekundu kama yake. Moto, ile pikipiki ya kulipia, ikamufikisha Kibati, petroli ikaisha. Akashuka na miguu. Watu wa Rutshuru walikuwa wanapanda na magodoro kwa kichwa, juu ya vile kambi iliambiwa itoke na wale wenye walishika mji, kila mutu arudi kwao. Yeye anashuka, wao wanapanda. Hakuna mwenye alisalimia mwenziwe.

Alimukuta Apolline kambini, amekaa juu ya shitingi yenye ilishakunjwa. Kitenge ile ya ndizi ilikuwa imegeuka rangi ya vumbi. Pembeni yake, baba yake, muzee Evariste, macho yake inaona kivuli tu, ameshika fimbo. Mama Annonciata alikuwa anafunga kamba. Simu haikukuwa tena pale, mustari iliipatia mwanamuke mwenye mimba, aende nayo.

Apolline aliangalia Prodige muda mrefu. Hakuamuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Butembo. Uganda. Njiani."

"Ulisema tutaongea tukionana. Haya, tunaonana."

"Na wewe, juu ya nini ulifunga numero?"

"Niliitupa karte. Niliona unaniacha na adabu."

"Kukuacha! Nilikuwa naogopa mustari."

"Uogope nini? Si walikuwa wanakupenda?"

"Apolline, mutu anaombaka mwanamuke ndoa na watu wanakohoa?"

Kamba ikaanguka kwa mikono ya Mama Annonciata. "Ilikuwa ile? Yesu wangu! Na mi ndiyo nilikuwa nakohoa!"

Apolline akafunika uso na mikono yake mbili. Mabega ikatingika, na Prodige hakujua kama ni kicheko ao ni machozi. Labda naye hakujua. Prodige akapiga magoti mbele ya muzee, kwa vumbi.

"Muzee Evariste, ni Prodige. Naomba unipatie Apolline."

Muzee akanyoosha mukono, akamugusa kichwa, kisha bega, akapima mufupa.

"Umekonda."

"Ndiyo, muzee."

"Sikatale. Lakini binti haombwe kwa barabara. Kwetu Masisi, baba yako anakuja kwa lupango yetu, pale nyumbani, wajomba wanakaa, kasiksi, ile pombe ya ndizi, inakuwa katikati. Ni vile mama yake aliombwa."

"Nitakuja, muzee. Nyumba iko ngambo gani?"

"Juu ya kijiji cha Nyabiondo."

"Na iko? Nyumba ingali pale?"

Muzee akageuza uso wake ngambo ya milima yenye hakuweza kuona.

"Hatujue. Tunaenda kuangalia."

Apolline akaamuka. Prodige akamusaidia kubeba ile shitingi kwa kichwa, akashika mukono wake.

"Niende na ninyi leo."

"Hapana. Rudi ulete baba yako, kama muzee alisema. Mi nitaongoza wangu."

"Na tukifika tukute nyumba haiko?"

Apolline alitengeneza muzigo kidogo kwa kichwa, akachukua ncha ya fimbo ya baba yake.

"Basi mutatukuta tumekaa inje. Mutakaa na sisi."