Ludi Nyumbani, Ludi

Phelista alikuwa akipukuchua mahindi nyuma ya jikoni, huko Kabuchai, wakati jirani yake Tabby alipoingia bila hodi.

"Mama Nelima, wacha hiyo kazi. Simu yako imezima, shule imepigia mzee wangu. Nelima anarudishwa kutoka Kitale. Ati hanyamazi."

"Hanyamazi na nini?"

"Si lile shairi la mashindano, bana!"

Phelista alilijua. Likizo yote Nelima alilikariri jioni ghalani, mvua ikipiga mabati, kwa kuwa mwalimu wao alisema kibwagizo kikirudiwa mahali penye kiza, msikilizaji husisimka mwili. Kibwagizo chenyewe kilikuwa "Rudi nyumbani, rudi." Ghala lilikuwa la marehemu kukhu Lenah, nyanya yao watoto na mama mkwe wa Phelista, ambaye hadi anakufa alisema "ludi" badala ya "rudi", na "kura" badala ya "kula". Nelima akawa anamwigiza, "Ludi nyumbani, kukhu, ludi!" na ndugu zake, Matthew na Mukhisa, wakacheka hadi machozi.

Bodaboda ilimfikisha Nelima mchana. Alinong'ona bila kupepesa macho: "Ludi nyumbani, ludi." Nyumba ikanuka ugoro, ule wa Lenah.

Pasta Wanyonyi akaitwa. Alimwekea msichana mkono kichwani, akakemea, "Toka! Toka! Toka!" na kila alipokemea sauti nyingine kutoka ghalani ilirudia naye, kwanza chini kama mtu anayechambua maharagwe, kisha karibu na dirisha, kisha ndani ya chumba chenyewe, mpaka pasta, jasho likimtiririka, hakujua tena kama anaifukuza au anaiitikia.

Akafunga Biblia. "Mama, hili jini linashiba maneno yakirudiwa. Nikiomba tena, nalilisha."

"Sasa nifanye nini?"

Pasta alikuwa akitafuta viatu vyake.

Jua lilipozama sauti ilikoma. Nelima akanyamaza, akanawa mikono, akaketi. Phelista hakuwa na la kufanya ila kusonga ugali. Akapakua, akaweka sukuma wiki, akahesabu vichwa: Matthew, Mukhisa, Nelima. Wote walikuwepo.

"Haya, tukure," akasema Nelima. "Ugari unapoa."

Matthew akacheka. Akamtazama mama yake, akaacha.