Mawe Sita Yasiyopasuliwa

Je, umewahi kukwaruza jiwe kwa msumari, kisha ukaangalia vizuri ni alama gani iliyobaki? Jiwe la chokaa ni laini. Msumari hulichimba mstari mweupe, na unga mwembamba hudondoka. Jiwe gumu liitwalo gumegume ni kinyume chake: lenyewe ndilo huula msumari, ukaona mstari wa kijivu unaong'aa, yaani chuma chenyewe kimebaki juu ya jiwe. Na mawe haya mawili hukaa pamoja katika mwamba mmoja, gumegume likiwa limejificha ndani ya chokaa kama kokwa ndani ya tunda.

Msichana mmoja wa darasa la sita aliyajua hayo barabara. Wenzake walimwita Kifuko, maana mfuko wa gauni lake haukukosa jiwe. Kila Ijumaa baada ya masomo, yeye na binamu yake walimsaidia shangazi yao, mchoma chokaa, kuchambua mawe kwenye mwamba uliochomoza nyuma ya nyumba. Utaratibu ulikuwa mmoja. Unalipasua jiwe kwa nyundo, unakwaruza pale palipopasuka, si juu ya ganda, halafu unadondosha tone la siki. Likitoa povu, linaingia tanurini. Lisipotoa, linatupwa mbali, kwa sababu gumegume likipata moto hulipuka na kurusha vipande vikali kama vigae. Naye shangazi huchuchumaa hapo hapo mlangoni mwa tanuri, akichochea kuni.

Ijumaa hiyo kila msichana alitakiwa kupeleka tanurini mawe arobaini. Kifuko alipopasua la kumi na tatu, alikuta makombe madogo na konokono waliogeuka jiwe. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba vitu hivyo huitwa visukuku. Konokono mmoja alikuwa na mizunguko mitano; aliihesabu mara mbili. Kufika jioni alikuwa amepata mawe sita ya namna hiyo.

"Hayo ndiyo yenyewe!" shangazi alisema akipita na ndoo. "Hutoa chokaa nyeupe pe. Usiache hata moja."

Shangazi alipokwenda kuteka maji, Kifuko aliyafunika yale sita kwa gunia nyuma ya pipa. Sasa mawe yake arobaini yalipungua. Aliokota mawe sita ya mviringo chini ya mwamba, meupe kama mengine, akayapanga tanurini bila kuyapasua, kabla shangazi hajarudi.

Asubuhi, shangazi alipokuwa akipanga kuni, Kifuko aliokota jiwe jingine la mviringo pale pale chini ya mwamba, akaligonga kwa nyundo. Weupe ulikuwa ganda tu. Ndani lilikuwa la kahawia iliyoiva, lenye kuteleza kama kioo, na ukingo wake ulimkata kidole. Alikwaruza kwa msumari. Mstari ukang'aa.

Alikimbia. Shangazi alikuwa tayari ameshika kiberiti.

"Shangazi, usiwashe!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Nimeweka mawe sita ambayo sikuyapasua. Nadhani ni gumegume."

Shangazi alirudisha kiberiti mfukoni. Hakupiga kelele. Alikunja mikono ya blauzi, akaanza kuondoa kuni.

"Haya, tupakue."

"Yote?" binamu akauliza. "Shangazi, hayo ni mawe themanini, mbali na yale yako! Hebu mwache huyu mvivu apakue peke yake."

"Umeniona nikikuuliza?"

Walipakua hadi adhuhuri, wakipasua kila jiwe la mviringo. Kati ya yale sita, moja lilikuwa chokaa safi. Matano yalikuwa gumegume, na mawili kati yake yalikuwa katika tabaka la chini kabisa, karibu na mlango. Shangazi aliyapima kwa kiganja, akayatupa bondeni. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kujifuta vumbi usoni.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema. "Jana umenikosea, tena sana. Hayo mawe yangenipasukia usoni. Leo umesema kabla ya moto, kwa hiyo tumepoteza jasho tu. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Ukinyamaza, atakayeumia ni mwenzako asiyejua lolote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila bado sijaelewa kitu kimoja. Wewe si mvivu, nakujua. Arobaini uliyachambua. Sita kati yake yalikwenda wapi?"

Kifuko alitazama upande wa pipa.

"Anatuchelewesha huyo," binamu akasema. "Sema basi, tule!"

Kifuko alikwenda nyuma ya pipa, akarudi amekumbatia gunia. Akalifungua miguuni pa shangazi.

"Nilitaka kubaki nayo," alisema. "Nilitaka nimpelekee mwalimu konokono huyu kabla hajachomwa kuwa chokaa."