Tundu Alilotoboa Rifet

Msinibishie. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Tanuri lenyewe tulilishusha chumba cha chini mimi na Rifet, na aliyekuwa akiomba kupumzika kila ngazi si mimi. Mtu wa kule mjini Travnik akikusimulia vingine, mwambie anywe kahawa yake anyamaze.

Rifet na mkewe Zumra walikuwa na mtoto mmoja tu, Lamija, wa miaka minne, mwenye kifua kibovu. Jiko la kuni lilikuwa linammaliza. Usiku na mchana kifua kilipiga mluzi kama birika. Daktari akasema nyumba iwe na joto na moshi usiwemo, la sivyo mtoto huyu hamalizi majira ya baridi. Ndipo Rifet akaleta tanuri la peleti, zile punje za vumbi la mbao lililoshindiliwa. Linajilisha lenyewe, linajiwasha lenyewe, na feni inasukuma moshi nje.

Mama yake, Bibi Devleta, alilizunguka na tasbihi mkononi.

"Kibiriti kinaingia wapi?"

"Hakiingii, mama. Lina saa ndani. Ikifika magharibi linajiwasha."

"Na bismillahi anasema nani?"

Rifet akacheka mpaka akashika ukuta. "Nitawapigia simu kiwandani, waiweke kwenye saa."

"Cheka tu. Tangu niolewe hapa sijawasha moto magharibi bila kumtaja Mungu na kuwaambia wale wenzetu wasioonekana wasogee. Jivu lenyewe siligusi bila kuwaonya. Wewe unawachoma usoni bila hodi!"

"Hao wenzetu, mama, walishahamia Ujerumani pamoja na vijana wote wa kijiji."

Nami nilicheka, nisiwafiche.

Kukabaki bomba. Dohani ya zamani ilikuwa imepasuka matofali, nikamwambia apitishe bomba la chuma humo ndani, lipande mpaka juu ya paa.

"Na theluji yote hiyo? Panda wewe, shujaa."

Akachukua drili akatoboa ukuta wa nyuma. Akalitoa bomba kwa ubavu, akalifunga kona, akajaza silikoni. Mdomo wake ukatokea chini ya ukingo wa paa, pale maji yanapodondoka, mahali ambapo mama zetu walitukataza hata kutema mate.

Magharibi ya kwanza tanuri likanguruma, likawaka. Tukatoka kulitazama bomba. Moshi ulitoka vizuri, lakini kiasi cha shubiri moja ulijikunja kurudi ukutani, kana kwamba mtu ameukinga kwa viganja. Theluji iliyokuwa chini ya mdomo wa bomba haikuyeyuka. Na kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Plastiki ya bomba jipya," Rifet akasema.

"Bomba ni la chuma," nikasema.

"Basi ni sharubu zako."

Asubuhi ukuta mweupe ulikuwa na alama za masizi kulizunguka tundu: viganja vidogo, vidogo kuliko vya Lamija, vilivyokwaruza kushuka chini. Rifet akavifuta kwa tambara. Asubuhi ya pili kilikuwepo kimoja tu, kikubwa, vidole vyake virefu vikifika dirisha la chumba cha mtoto.

Siku hiyohiyo Lamija akaacha kupiga mluzi.

Rifet alimbeba mabegani akazunguka naye nyumba nzima. "Mmeona? Nani alisema mashine haina baraka?" Zumra hakucheka. Alimlaza mtoto, akaweka sikio kifuani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Rifet," akanong'ona, "humu hamna kitu."

"Hamna kitu gani?"

"Hamna pumzi. Anatutazama, anacheza, lakini ndani kumenyamaza. Sikiliza huko chini."

Tukasikiliza. Kutoka kwenye bomba, katikati ya mngurumo wa feni, ule mluzi ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

Mimi mwenyewe nilimleta hodža Sejfudin, shehe wa kijiji, mchana kweupe, baada ya adhuhuri. Alisoma mbele ya tanuri hadi kanzu ikamganda mgongoni. Kimlango cha kioo kikafunguka taratibu, na sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyechoka kulia, ikatoka pamoja na joto.

"Nilikuwa na wanne chini ya ukingo. Mdogo alikuwa amelala mbele ya tundu lenu."

"Hawakujua," hodža akasema. "Toka, kwa jina la Mungu."

"Leo ndiyo mnalikumbuka? Nimeshatoka, shehe. Sikai kwa watu wasiobisha hodi. Nilichukua pumzi ya mtoto wao, sikuondoka nayo. Nimewaachia humu. Moto ukiwaka, atavuta. Si mlitaka lijiwashe lenyewe? Haya, liacheni liwake."

Rifet alipandwa na wazimu, akachomoa waya. Feni ikazunguka, ikalegea, ikasimama, na papo hapo Zumra akapiga ukelele juu. Akaurudisha waya haraka, lakini mashine hizi hazina haraka ya mtu: kwanza linajisafisha, kisha linadondosha punje, kisha linapasha chuma chake, na muda wote huo tulimsikia Zumra akimpigapiga mtoto mgongoni na kuliita jina lake, mpaka mwali uliposhika na mtoto akavuta pumzi kwa kishindo.

Kuanzia hapo halikuzimwa tena. Kiangazi kilifika, watu wakalala uani, na nyumba ya Rifet ikawaka kama tanuri lenye mkate ndani, madirisha wazi, Zumra amefunga kitambaa chenye maji kichwani, na Lamija akiruka na mashavu mekundu, mzima kuliko watoto wote wa kijiji. Hata jivu walilichota moto ukiwaka, Rifet akiungua vidole na Bibi Devleta akisema bismillahi kwa kila kijiko, na hakuna aliyemcheka.

Kisha ikaja theluji nzito, ile yenye maji, ikakaa juu ya nyaya, na mchana mmoja umeme wa mlima mzima ukakatika. Jenereta aliyoinunua Rifet kwa ajili ya siku hiyo ilikohoa, na kamba ya kuiwashia ikamkatikia mkononi. Alishuka ngazi akianguka, akapiga magoti mbele ya kimlango cha tanuri, akawa anatupia punje kwa mikono na kupuliza kwa mdomo wake mwenyewe badala ya feni, nyusi zikiungua, midomo ikipasuka, moshi usio na wa kuusukuma ukimrudia usoni, huku mama yake nyuma akisema bismillahi, bismillahi, sogeeni wenzetu, tusameheni, na mimi nikishika taa, na Zumra juu akiita, "Anavuta! Usiache! Anavuta kidogo! Rifet, usiache!" na Rifet hakuacha, alipuliza mpaka pumzi yake ikaanza kupiga mluzi uleule wa mwanawe, na sauti ya Zumra ikawa inakuja kwa mbali zaidi na zaidi, na mwali ukawa mdogo kama wa kibiriti, na nje, chini ya ukingo wa paa, kitu kikakaa chini kusikiliza.

Kabla ya magharibi umeme ukarudi. Feni ikanguruma, moto ukapanda, na Lamija akaketi kitandani akaomba pita, ule mkate wa kukunja wenye viazi ndani.

Haya yote niliyaona kwa macho haya mawili, na yeyote anayebisha aje tuapishane. Kuna kimoja tu nilichokiongeza mwenyewe, kwa sababu kila ninapofika hapo wasikilizaji hunikazia macho, nami huwahurumia. Umeme siku ile haukurudi.