Sifuri ya Kisima cha Mzee Tsuma

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja na kuwapa mbuzi maji, Kadii alikwenda shuleni kwenye klabu ya kompyuta. Shule yao ilikuwa Kakuyuni, na Mwalimu Gerishom alikuwa akiwafundisha kuandika programu kwa lugha ya Java.

Muhula ule Kadii alisifiwa kijiji kizima. Baada ya mafuriko, dada Linet, mhudumu wa afya, alianza kupima maji ya visima, naye Kadii akaandika programu ya kuonyesha idadi ya vijidudu vilivyopatikana katika kila kisima. Vijidudu vikiwapo, jina la kisima lilitokea kwa rangi nyekundu. Idadi ikiwa sifuri, lilitokea kwa kijani, yaani maji ni salama. Ijumaa jioni, picha ya matokeo ilitumwa kwenye simu za wazazi.

"Leo tutazame safu," mwalimu alisema kesho yake klabuni, akichora ubaoni visanduku vilivyopangwa mstari mmoja. "Safu ya int hubeba namba zenyewe. Kisanduku usichokijaza, Java hukitilia sifuri. Safu ya Integer ni safu ya vitu. Humo, kisanduku usichokijaza hubaki null, maana yake hamna kitu."

Kadii aliacha kuandika. Safu yake ilikuwa ya int.

Kisima cha Mzee Tsuma kilitokea kwa kijani, ilhali dada Linet hakuwahi kukifikia, kwa kuwa siku ya kupima njia ilikuwa bado imejaa maji. Hakuna aliyekipima! Sifuri ile iliwekwa na kompyuta. Na asubuhi hiyo mama yake alitoka na ndoo huku akisema, "Heri tumepata maji ya karibu, mwanangu. Kisima cha Mzee Tsuma ni salama, si umetuonyesha mwenyewe?"

Alimtazama Purity, aliyeketi kando yake. Purity angemcheka mpaka mwaka uishe. Angeweza kuibadilisha safu kimyakimya, mtu asijue. Lakini maji yalikwisha kuchotwa, na nyumbani alikuwako mdogo wake, Nyale, mtoto asiyejua kuvumilia kiu.

"Mwalimu," alisema, "nimewadanganya watu. Sikukusudia."

Mwalimu Gerishom alimsikiliza bila kumkatiza. Papo hapo akawatumia wazazi ujumbe wasiyanywe maji yale, akampigia Linet simu, kisha akampakia Kadii kwenye pikipiki yake. Njia nzima Kadii alimwomba Mungu jambo moja tu: wasiwe wamekunywa.

"Mama, yale maji mmeyanywa?" aliuliza kabla hata pikipiki haijasimama vizuri.

"Mimi bado. Nyale amekunywa kikombe kizima. Kwani kuna nini?"

Kadii alimweleza, huku akiyamwaga maji ya ndoo.

Mchana Nyale alianza kutapika. Bahati njema, Linet alikwisha kufika. Alimnywesha maji yenye dawa kidogo kidogo, wakampeleka zahanati. Kadii alimshika mkono mdogo wake, ukiwa baridi, akaogopa hata kuuachilia ajipanguse machozi.

Kufikia Jumatatu, Nyale alikuwa akilia kutaka mahamri. Maji ya kisima kile yalikuwa yamepimwa, yakakutwa na vijidudu tele. Mzee Tsuma alikifunika mpaka kitiwe dawa.

Siku hiyo Kadii alitengeneza safu mpya ya Integer. Kabla ya kuchagua rangi, programu iliuliza kwanza kama kisanduku ni null. Kikiwa null, kisima kiliandikwa: "Bado hakijapimwa." Purity, ambaye hakucheka hata kidogo, alimsaidia kuijaribu.

Linet alipokuja kuiona, alimwekea Kadii mkono begani.

"Sifuri na sijui si ndugu," alisema. "Sifuri ni jibu la aliyepima. Asiyepima hana budi kusema sijui, kisha akatafute. Wewe ulikosea, lakini hukuficha. Ungaliona haya hadi jioni, leo zahanati ingalijaa watoto."